Kila punda na harufu yake

Mjini Lamu vichochoro ni vyembamba, na mizigo mingi hubebwa na punda. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka 6, aliwanusa wawili. "Shangazi, mbona huyu ananuka vingine?"

Kama ilivyo kwa farasi, jasho, bakteria wa ngozini, chakula na mahali pa kulala humpa kila mmoja harufu yake. Lakini mwenye punda aliinua mguu wa yule wa pili: ukwato ulianza kuoza kwa unyevu. "Harufu ikibadilika, mimi hukagua," alisema.

Mzazi, nawe kagua. Pumzi ya mtoto ikinukia kama matunda yaliyoiva sana, huku akinywa maji na kukojoa kupita kawaida, mkimbize hospitali. Huenda ni kisukari.