Mahudhurio

Katika ukoo wetu saratani ya kinywa imebisha hodi mara mbili. Wa kwanza alikuwa mama mkubwa, mwaka 1997. Wa pili mimi, mwaka 2022. Wote wawili tuliondokea hapa hapa Nyakanazi, njia panda ambapo malori ya Kigali na Bujumbura huachana na magari ya Kigoma, na wote wawili tulipangiwa tiba ile ile: mionzi, kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Yeye alikufa, mimi naandika. Watu wakiniuliza tofauti ilikuwa nini, hutazamia nitaje dawa mpya au mashine mpya. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na jibu langu ni la kialimu: mahudhurio.

Mama mkubwa alikuwa mvuta kiko. Huku Usubi wanawake wengi wa rika lake walivuta, jioni, wamekaa nje ya nyumba wamenyoosha miguu, na hakuna aliyehusisha kiko na kidonda. Chake kilianza ndani ya shavu. Alisukutua chumvi, akatafuna mizizi aliyoletewa, akang'olewa jino lisilo na kosa. Alipofikishwa hospitali shavu lilikuwa limevimba, na maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: aende Dar es Salaam. Kwa nchi nzima, wakati ule, mionzi ilikuwa Ocean Road tu, katika hospitali ya enzi za Wajerumani inayotazama bahari. Ilikuwa imefanywa taasisi inayojitegemea mwaka mmoja kabla, 1996, baada ya kuwa chini ya Muhimbili.

Nilimsindikiza hadi Isaka. Mabasi ya siku zile yalivuka pori la Runzewe kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na abiria walianza kuongea tena wakiona taa za Ushirombo. Pale Isaka alipanda treni na mwanawe wa kwanza, kaka yangu, wakiwa na gunia la maharage, mkungu wa ndizi na fedha za mbuzi waliouzwa. Alianza mionzi mwezi Novemba. Barua ya kwanza ya kaka ilisema uvimbe unapungua. Ya pili ilisema chakula kimekwisha, mwenyeji amechoka, na mama hawezi kumeza kitu chochote kilichopikwa pale walipofikia.

Krismasi wakaja nyumbani kutafuta fedha, wakikusudia kurudi Januari. Lakini zile zilikuwa mvua za El Niño. Reli ya kati ilikatwa na mafuriko, barabara zikawa tope, malori yakalala njiani siku nyingi. Njia ilipofunguka uvimbe ulikuwa umerudi kwa kishindo, na mwenye uvimbe hakuwa na nguvu ya kupanda gari. Tulimzika katikati ya 1998. Kikundi cha kufa na kuzikana kilinunua mbao za jeneza, sanda, na mchele wa waombolezaji. Tulikishukuru sana. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba mchango ule ungeweza kumlisha Dar es Salaam hadi amalize dozi.

Maana ya dozi iliyokatika niliielewa miaka 25 baadaye, katika hospitali ya Bugando, Mwanza, nilipofafanuliwa na kijana wa mionzi ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mionzi haitolewi yote kwa mkupuo kwa sababu ingeunguza na kilicho kizima. Hugawanywa vipande vidogo vya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mgonjwa wa kinywa mara nyingi wiki sita au saba. Kila kipande huvuruga vinasaba vya seli, nzima na mbovu. Nzima zina uwezo mkubwa zaidi wa kujikarabati kabla ya kesho yake. Za saratani hushindwa, zikafa zinapojaribu kugawanyika. Lakini ukiziachia nafasi, zile zilizobaki huzaliana upya kwa kasi, na saratani za kinywa na koo ni hodari kwa hilo. Siku chache za kukosa hupunguza uwezekano wa kupona. Mama mkubwa alikosa miezi. Nilitoka chumba kile nikakaa kwenye ngazi, nikamlilia upya.

Mimi sikuvuta kiko wala kutafuna tumbaku; saratani hii hupenda zaidi wenye tumbaku na pombe, lakini haiwaachi wengine. Changu kilikuwa kidonda kidogo ubavuni mwa ulimi, kigumu kingo zake, kilichokataa kila kidonge nilichouziwa dukani. Kwa kuwa nilimwona mama mkubwa, sikungoja shavu livimbe. Kinyama kilikatwa kikapimwa, jibu likaja, nikafanyiwa upasuaji: kipande cha ulimi kikaondolewa pamoja na tezi za shingoni. Kisha magego mawili mabovu yakang'olewa mapema, kwa sababu taya likishapigwa mionzi jeraha la jino huweza lisipone kamwe, na mfupa ukaoza. Ndipo nikapangiwa mionzi, ambayo baada ya upasuaji inatakiwa ianze bila kuchelewa, ndani ya wiki sita hivi.

Hapo ndipo robo karne ilipojionyesha. Sikuhitaji treni. Kutoka Nyakanazi kwenda Runzewe, Bwanga, Katoro, Geita hadi Sengerema ni lami tupu, wala hakuna msafara wa polisi. Kikwazo kilikuwa maji: Busisi tulishuka kungoja kivuko, nikiwa na bandeji shingoni na mwavuli mkononi, huku magari yamepanga foleni ndefu na wauza samaki wakipita dirishani. Lakini jioni ile ile nilikuwa Mwanza, kwa binti wa kaka yangu, Mabatini. Nilikuwa na kadi ya bima ya afya ya mtumishi mstaafu. Nilikuwa na kitanda. Mama mkubwa hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Mashine yenyewe haiumi. Kinachotisha ni barakoa. Wanachukua bamba la plastiki lenye matundu, wanalilainisha kwa maji ya moto, wanalitandaza usoni na mabegani mpaka lipoe na kukakamaa kwa umbo lako. Kila siku unavishwa, unafungwa mezani usitikisike, wote wanatoka, mlango mzito unafungwa. Dakika ni chache, lakini kwa aliyebanwa kichwa hazina mwisho. Siku ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Siku ya pili nikaanza kuita mahudhurio. Nilichukua darasa langu la saba la 1994, mwaka wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara na sisi tukasomesha huku malori ya misaada yakivuma barabarani. Adela, Adventina, Anatoli, Bahati. Niliwaita kimoyomoyo mmoja mmoja, nikimkumbuka kila mtoto alipokaa na kosa lake la hesabu. Kwa kawaida mlango ulifunguliwa nikiwa kwenye herufi M. Baadaye niliwafundisha wenzangu wa benchi la kusubiria mionzi. Mvuvi mmoja wa Ukerewe alisema yeye hana darasa, ataita mitumbwi.

Wiki ya pili ladha ikaondoka. Sukari ikawa mchanga, chai ikawa maji ya bati. Wiki ya tatu mdomo ukachubuka ndani, na kumeza mate kukawa kazi ya kujipanga. Kisha na mate yenyewe yakakauka. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, naye hajui, mpaka tezi zipigwe mionzi. Bila mate ugali haumezeki, maneno yanagandana, na usiku ulimi unanata kwenye kaakaa. Nilisukutua mara nyingi kwa maji ya uvuguvugu, lita moja yenye kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikaboneti. Utando mweupe ulipotokea niliwaonyesha wauguzi, nikapewa dawa ya fangasi. Shingo ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikaacha sabuni ya manukato, nikafunga kanga laini.

Hapo njaa ilipotea kabisa, na binti wa kaka akatangaza sheria. “Shangazi,” aliniambia, “wewe ulitupigia kengele shuleni. Sasa na mimi napiga.” Akatega saa ya simu. Kila kengele ilipolia nilikula, nitake nisitake. Pilipili, nyanya na ndimu vilifukuzwa jikoni. Uji wa ulezi ulitiwa maziwa na karanga zilizosagwa laini sana, ukapoozwa. Parachichi lilisagwa na maziwa. Ndizi zilipikwa mpaka zikavunjika, zikachujwa na supu ya sangara. Yai lilikorogwa ndani ya chochote kilichokuwa bado cha moto. Dawa ya maumivu nilimeza nusu saa kabla, ili koo liwe limelala chakula kikipita. Sikuonja chochote. Nilikula kwa saa, si kwa hamu.

Sababu nyingine ya kula niliijua kwenye mizani, walipotupima kila wiki. Barakoa imekatwa kwa sura yako ya siku ya kwanza. Ukikonda inalegea, kichwa kinacheza, na mionzi inaweza kupiga kando. Inabidi usitishwe, upimwe na kupangiwa upya, na siku zinapotea. Kwa hiyo bakuli la uji lilikuwa sehemu ya mashine. Mama mkubwa alikula mlo wa wenyeji, ugali na mchicha wenye ndimu, na hakuna aliyemsagia chochote. Hata kama reli isingekatika, sijui angemaliza vipi.

Kwenye benchi nilijifunza kutambua nani atatoroka. Mwenye maumivu makali hakuwa lazima yeye. Alikuwa yule anayeuliza bei ya nauli kila asubuhi, anayelala kwenye korido kwa jamaa asiyemjua vizuri, aliyemwacha mume peke yake na shamba la mahindi msimu wa palizi. Mama mmoja wa upande wa Kakonko aliniambia Ijumaa anakwenda kuona watoto, Jumatatu atarudi. Jumatatu nilimshikia nafasi. Jumanne pia. Tulimchangia nauli kwa simu, akarudi wiki iliyofuata, na siku zake zikaongezwa mwishoni. Baada ya hapo benchi letu likawa na utaratibu: asiyefika saa tatu anapigiwa simu. Niliandika majina kwenye daftari, nikaweka alama za vema kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Nilipomaliza nilidhani nimevuka. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote, kwani mionzi huendelea kuchoma hata mashine ikishanyamaza. Mtu asiambiwe uongo juu ya hilo. Kisha vidonda vikafunga. Chumvi ilirudi kabla ya sukari. Mate yalirudi nusu, na nusu ile ndiyo ninayoishi nayo: chupa ya maji kanisani, chupa ya maji kitandani, mchuzi juu ya kila kitu. Kila asubuhi nazoeza taya, napachika vijiti bapa vya mti katikati ya meno na kuongeza kimoja kimoja, maana misuli iliyopigwa mionzi hukakamaa, na asiyefanya mazoezi huweza kushindwa hata kupitisha kijiko. Nachunga meno yaliyobaki kama mboni. Kila anayetaka kuligusa jino langu anaambiwa kwanza kwamba taya hili limepigwa mionzi. Herufi r hunitoka kwa shida, lakini mahudhurio bado naweza kuita.

Naenda Bugando kuangaliwa, na safari imefupika tena. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita tatu. Mahali niliposubiri kivuko na bandeji shingoni sasa gari hupita kwa dakika chache. Nilipovuka mara ya kwanza nilimfikiria mama mkubwa na treni yake.

Barabara imefanya kazi yake; iliyobaki ni yetu. Kidonda cha mdomoni kilichopita wiki tatu bila kupona, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, kipelekwe hospitali kabla ya kujaribiwa dawa ya nne. Na ndugu akipangiwa mionzi, kaeni naye na karatasi kabla ya siku ya kwanza: atalala wapi, nani atamsagia chakula, nauli ya kila siku inatoka kwa nani, nani ataangalia watoto na shamba hadi amalize. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina mfuko wa jeneza katika kila kitongoji cha Nyakanazi. Mwaka huu nimeomba kikundi changu kiweke na mfuko wa pili, wa kumpangia mgonjwa chumba Mwanza, na hoja imepita. Wasomaji wa vijiji vingine, pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano wenu ujao.