Tahadhari Kwenye Njia ya Dhahabu

Ukitoka mjini Shinyanga kwenda Kahama, wapita Tinde na Isaka. Nchi ni tambarare; waona mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe na vilima vya mawe makubwa. Ukishika njia ya kaskazini, kupitia Kakola hadi Geita, utaona vilima vingine vidogo. Usidhani ni vichuguu. Ni vifusi vya wachimbaji wa dhahabu, na karibu na kifusi pana shimo. Wenyewe huliita duara.

Huku hatuna theluji, lakini sikia habari za milima ya Alps huko Ulaya. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, lile la juu huteleza ghafula na kumfukia msafiri. Kwa hiyo mwenyeji mwenye busara hapandi kabla hajauliza: theluji mpya imeanguka kiasi gani? Upepo umeirundika wapi? Jua limeilainisha? Tena huenda na wenzake, kila mtu na koleo lake, maana aliyefukiwa huishi dakika chache tu asipofukuliwa.

Nasi tuna hatari ya namna hiyo, ila mlima wetu uko chini ya miguu. Mvua za Novemba hadi Aprili huufanya udongo kuwa mzito na kulegea, kisha huporomoka. Aprili 2015, karibu na Kakola, wachimbaji 19 walikufa shimoni baada ya mvua kubwa. Januari 2024, kwa jirani zetu wa Bariadi, watu 22 walikufa mahali palipokuwa pamezuiwa kwa sababu ya mvua. Tusiwahukumu, shida za nyumbani humsukuma mtu. Lakini tujifunze.

Wako waliopona. Tarehe 5 Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, watu sita walifungiwa chini. Mmoja alifia humo. Watano walitolewa hai siku ya 41. Walikuwa wakinywa maji machafu na kula mende na vyura. Januari 2017, mkoani Geita, watu 15 walifukiwa, nao wote wakatoka hai. Twamshukuru Mungu, lakini tusimjaribu.

Basi wewe kijana, kabla ya kushuka, tazama. Je, pana nyufa kando ya mdomo wa shimo? Vijiwe vyadondoka? Maji yachuruzika mahali palipokuwa pakavu jana? Matimba, yaani magogo yanayozuia kuta, yamepinda au yalia? Ukiona dalili moja tu, toka, hata kama sururu yako imebaki chini. Kifusi kimwagwe mbali na mdomo, maana uzito wake husukuma ukuta. Na juu asikosekane mtu anayejua majina ya wote walioshuka.

Wachimbaji wa Ulaya humwomba Mtakatifu Barbara, msimamizi wao, ambaye sikukuu yake ni 4 Desemba. Kwetu siku hiyo mvua zimekwisha kuanza. Ni siku njema ya kuwaombea vijana wetu, na ya kuzungumza nao pia. Mzazi, mwanao akileta fedha nyumbani, usiulize tu ni kiasi gani. Muulize: Mwanangu, duara lako lina matimba?