Nuru ya Karakana: Wakfu, Taa na Macho ya Mafundi

Katika ajenda za kamati ya msikiti, suala la taa kwa kawaida humalizika kwa dakika mbili: taa imeungua, inunuliwe nyingine, tuendelee. Mwaka jana, hata hivyo, taa zilituchukulia vikao vitatu vizima, na wala hazikuwa taa za msikitini. Zilikuwa za karakana mbili za wakfu zilizo nyuma ya msikiti wetu hapa Dodoma, moja ya useremala na nyingine gereji ya magari. Kodi ya karakana hizo ndiyo inayolipia maji ya udhu na posho ya mwalimu wa madrasa. Tunaandika kwa sababu tunaamini kamati nyingi zina mali kama hizi, na swali lililotufikia sisi litawafikia na wenzetu.

Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu ukapewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, kazi za mafundi zimeongezeka. Nyumba mpya zinataka milango, makabati na vitanda, na magari yanataka matengenezo. Jua la kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na mteja anataka kitanda chake kesho. Hivyo mafundi wetu wakawa wanasali Isha na kurudi kazini.

Usiku mmoja kijana wa miaka kumi na tisa, anayejifunza useremala, alikatwa ncha ya kidole gumba na msumeno wa duara. Alhamdulillahi, jeraha lilipona. Alipoulizwa ilikuwaje, alisema: "Niliona kama umesimama." Baadhi yetu tulidhani ni maneno ya kujitetea. Siku ya tatu mama yake alikuja ofisini, akaketi, akasema kwa utulivu: "Katibu, msikiti unapokea kodi ya chumba kile. Mwanangu hakudanganya. Hebu nendeni usiku mkaone wanavyoona wao."

Tulikwenda. Karakana ya useremala ilikuwa na taa sita za tyubu, za futi nne, zenye choki na stata za zamani. Mbili zilikuwa zikipepesa, na zote zilivikwa vumbi la mbao. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi na gundi. Gereji ilitegemea taa mbili kubwa za halojeni, wati 500 kila moja, zilizotoa joto la jiko na kumulika migongo ya mafundi kuliko injini.

Maneno ya yule kijana yana maelezo. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na taa ya tyubu yenye choki ya zamani hung'aa na kufifia mara 100 katika sekunde hiyohiyo, bila jicho kutambua. Sasa chukua msumeno wenye meno 40 unaozunguka mara 50 kwa sekunde. Kati ya mmweko na mmweko unaofuata, msumeno hupiga nusu ya mzunguko, yaani meno 20 kamili. Kila jino huwa limechukua nafasi ya mwenzake, na jicho huweza kuona meno yaleyale mahali palepale. Ukipungua mwendo kidogo, huonekana kama unatambaa kinyumenyume. Kelele ya karakana haisaidii, kwani mashine nyingine nazo zinanguruma. Basi kijana alisema kweli: jicho lake lilimpa taarifa ya uongo.

Katika kikao cha kwanza, hoja nzito ilitoka kwa mzee mmoja tunayemheshimu sana. "Wanangu," alisema, "fedha hizi ni za wakfu. Ndani ya msikiti kuna taa zimekufa. Tumewahi kusoma kuwa Tamim ad-Dari anatajwa kuwa wa kwanza kuwasha taa msikitini. Nani anatajwa kwa kuwasha taa gereji?" Kikao kilicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Aliendelea: "Na zaidi ya hapo, LUKU wanalipa mafundi. Tukinunua taa sisi, unafuu wanaupata wao. Je, huo si mtaji wa watu binafsi kutoka mali ya Allah?"

Mzee alikuwa amegusa penyewe. Wanazuoni wa fiqhi wanasema kuwa kipaumbele katika mapato ya wakfu ni kuuhifadhi wakfu wenyewe kabla ya kugawa manufaa yake, kwani mti usiotunzwa hauzai. Lakini je, taa ni matunzo ya jengo, au ni zana za mpangaji? Kwa upande mwingine, kuondoa madhara nako ni msingi mkubwa wa sheria yetu, na hapa madhara yalikuwa na jina na kidole kilichofungwa bandeji.

Kabla ya kikao cha pili tulipiga hesabu. Tyubu sita, pamoja na umeme unaoliwa na choki, zilikuwa zikitumia takriban wati 270. Halojeni mbili ni wati 1,000. Jumla ni wati 1,270. Kwa saa nne kila usiku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni uniti 132. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti ikiwa pamoja na kodi na tozo, mwanga wa usiku ulikuwa ukigharimu karibu shilingi 47,000 kwa mwezi.

Taa za LED hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Balbu ya zamani huchoma waya mpaka ung'ae, na umeme mwingi huishia kuwa joto. LED ni kipande kidogo cha madini maalumu kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Kilichochelewesha taa hizi kuwa nyeupe ni ugumu wa kupata LED ya mwanga wa bluu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuifanikisha.

Karakana ya useremala ina mita tano kwa sita. Kazi ya kawaida ya karakana huhitaji mwanga wa takriban luksi 300, na kazi ya usahihi huhitaji 500 au zaidi. Tukizingatia mwanga unaopotea njiani, tulihitaji tyubu nane za LED za wati 18, na gereji taa mbili za wati 100. Jumla mpya ni wati 344, yaani uniti 36 kwa mwezi, au shilingi zisizofika 13,000. Akiba ni takriban shilingi 34,000 kila mwezi.

Gharama yote, pamoja na chokaa, nyaya na ujira, ilikadiriwa kuwa shilingi 450,000. Hapo ndipo hoja ya mzee ilipotupatia njia. Tuliigawa gharama kwa haki. Vitu vinavyobaki na jengo, yaani nyaya, swichi, kikata umeme na chokaa, shilingi 210,000, vililipiwa na mfuko wa matengenezo wa wakfu. Taa zenyewe, shilingi 240,000, zililipiwa na wapangaji, nao wameirudisha kwa akiba ya miezi saba. Mpangaji akihama, huondoka na taa zake. Mzee aliposomewa mgawanyo huo alisema: "Hapo kila mwenye haki amepewa haki yake." Kikao cha tatu kilipitisha.

Tumejifunza mambo ambayo tunapenda wenzetu wayajue kabla ya kununua.

La kwanza, LED ya bei ya kutupa huweza kupepesa kama tyubu ya zamani. Iwashe dukani, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inayotembea, usiiweke juu ya mashine inayozunguka.

La pili, tyubu ya LED haichomekwi ovyo kwenye fremu ya zamani. Nyingine hutaka choki na stata viondolewe, na nyingine hupokea umeme upande mmoja tu. Ikifungwa kinyume, huweza kuleta shoti au kumrusha mtu. Soma karatasi yake, na mpe kazi fundi umeme mwenye leseni.

La tatu, LED haichomi kama halojeni, lakini yenyewe huumizwa na joto. Chini ya mabati yetu wakati wa mchana kuna tanuri. Zining'inizwe kwa minyororo, mbali na bati, na zifutwe vumbi kila wiki. Kwa gereji, chagua zilizofunikwa dhidi ya vumbi.

La nne, fundi umeme wa magari anahitaji kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia. Angalia kwenye boksi kipimo cha uaminifu wa rangi kisichopungua 80. Na ndani ya shimo la gereji, ambako mvuke wa petroli hutulia, taa yoyote ya mkononi iwe ya aina iliyothibitishwa kutumika penye mvuke unaoweza kulipuka, na iwashwe na kuzimwa nje ya shimo.

La tano, tyubu za zamani zina zebaki. Usizivunje, wala usiwaachie watoto wachezee. Ikivunjika, fungua madirisha, toka kwa muda, kisha okota kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, si kwa ufagio. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumishwa na zebaki iliyokuwa katika samaki, ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana taa hizi ziondolewe sokoni ifikapo 2027. Mwenye kungoja, basi, hangoji sana.

Taa zilipowashwa mara ya kwanza, vijana walipiga takbira. Mtu mmoja hakufurahi: fundi mkuu wa useremala, mzee wa miaka sitini na mitano, aliyewafundisha nusu ya maseremala wa mtaa wetu. Tulitarajia awe wa kwanza kunufaika, kwa kuwa jicho la mtu wa miaka sitini hupokea ndani yake kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa ishirini. Lakini alikinga uso kwa mkono. "Katibu, wanangu, mmeniletea jua. Naona ukungu mweupe tu. Zile za zamani zilinistahi."

Ibn al-Haytham wa Basra, miaka elfu moja iliyopita, alieleza kuwa tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Ikiwa mlango wa jicho wenyewe umeingia ukungu, mwanga mkali husambaa badala ya kupita. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Katika kiza cha zamani alikuwa akipima mbao kwa vidole, na kila mmoja wetu alidhani ni mazoea ya fundi bingwa. Vijana walimpeleka hospitali, na jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. La kushoto linasubiri zamu.

Kwa sasa amehamishiwa meza ya pembeni, yenye taa ndogo iliyofunikwa isimpige usoni. Yule kijana wa kidole gumba ndiye anayemshikia futi. Wiki iliyopita mzee alimrudishia mlango alioupiga randa, akamwonesha upande uliopinda. Kijana alisema hakuuona. Mzee akajibu, "Mimi nimeuona."

Tunaziomba kamati zenye karakana, mashine za kusaga au vyumba vya ushonaji, ziende huko usiku mara moja, zikakae saa nzima, na zimsikilize anayefanya kazi pale. Hesabu ya LUKU itafuata yenyewe. Allah atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana tulizokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.