Betri Mbili za Bibi

Vijana wenzangu wakiulizwa ni nini kiliwafanya washike kalamu, wengi hutaja vitabu. Huyu atasema Shaaban Robert, yule atasema Kezilahabi, mwingine riwaya za upelelezi alizokuwa akizisoma chini ya dawati wakati mwalimu anaandika ubaoni. Mie huwa naona haya kidogo, maana jibu langu la kweli ni Game Boy. Ndiyo, kidude cha kuchezea. Leo nimeamua kutoboa, pamoja na lile jambo ambalo sijapata kulieleza kwa jina langu mwenyewe.

Kwa wale wasioijua: Game Boy ni kimashine cha mkononi cha rangi ya kijivu, kizito kama kipande cha tofali, kilichotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi Aprili 1989. Kioo chake ni kama ukubwa wa kiberiti. Hakina rangi, ni vivuli vinne tu vya kijani kilichochacha. Na hakina taa ndani, kwa hiyo ukitaka kucheza usiku utafute kibatari, nacho kibatari kitakuunguza nyusi. Aliyeongoza kazi ya kukiunda, Gunpei Yokoi, hakufanya hivyo kwa ushamba. Alipenda kutumia ufundi wa zamani, uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akauzulia matumizi mapya. Mwaka uleule Atari walitoa Lynx, yenye rangi na mwanga, bwana wee, lakini ilikula betri sita na kuzimaliza kwa saa chache tu. Game Boy ilikula nne, na zikiwa mpya zilikaa saa kumi na tano au zaidi. Kwa mtoto anayejua bei ya betri dukani, mshindi anajulikana.

Yangu niliipata mwaka 2008. Mjomba wangu ni baharia. Aliinunua mtumba katika bandari moja ya Ulaya, wakati wenyewe huko walikwisha kuisahau. Ilikuja na kaseti tatu.

Ya kwanza ilikuwa Tetris. Huyu ni mtoto wa Moscow, alibuniwa na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Maumbo saba, kila moja lina miraba minne, yanashuka kutoka juu, nawe unayapanga yasiache mwanya. Ukijaza mstari unafutika. Hakuna kushinda hasa, unachelewesha tu kushindwa. Nilimpenda Tetris kama mtu anavyopenda kutafuna karanga. Lakini alikuwa na kasoro moja iliyoniuma: hakuwa na kumbukumbu. Ukivunja rekodi ya mtaa mzima, ukizima mashine, imekwenda. Mara ngapi nimemkimbilia dada yangu na mashine mkononi nikimwambia, “Angalia haraka kabla betri haijafa!”

Ya pili, Super Mario Land, nayo ya 1989. Nzuri, ina ndege na nyambizi, lakini ni fupi. Ukiishaizoea unaimaliza kabla ubwabwa haujaiva. Tuiache.

Ya tatu ndiyo iliyoniharibu, au iliyonitengeneza, sijui niseme lipi. Inaitwa The Legend of Zelda: Link’s Awakening, ya mwaka 1993. Kijana anapigwa na dhoruba baharini, chombo kinavunjika, anaamkia katika kisiwa kiitwacho Koholint. Aliyemwokota ufukoni ni msichana, Marin, mwenye kupenda kuimba na kutamani kujua ng’ambo ya bahari kuna nini. Kijana anaambiwa hawezi kuondoka mpaka akusanye ala nane za muziki, apande mlimani, amwamshe samaki mkubwa aliyelala ndani ya yai. Haya, unakwenda, unapigana, unakusanya. Halafu katikati ya safari unagundua kwamba kisiwa chote ni ndoto ya yule samaki. Akiamka, kisiwa kinatoweka, na Marin pamoja nacho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, nikisoma maneno ya kwenye kioo huku kamusi ya marehemu babu iko magotini. Nilipofika hapo nilizima mashine nikakaa kimya. Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza kwamba hadithi inaweza kukufanya utamani kufika mwisho na kuuogopa mwisho huohuo. Tangu siku ile nikaanza kuandika katika daftari la hesabu, kurasa za nyuma.

Kaseti hii ilikuwa na kumbukumbu. Ndani yake kuna kibetri bapa kama kifungo cha koti, kinachotunza safari yako hata ukizima. Unaandika jina lako mwanzoni, lisizidi herufi tano, na watu wa kisiwani wanakuita kwa jina hilo. Langu liliingia bila shida: SUDI.

Sasa tuje Muheza. Likizo ya Desemba 2009 tulipelekwa wajukuu sita kwa Bibi, shamba, nje ya mji kidogo. Umeme hapakuwa. Simu hakuwa nayo. Alikuwa na redio ndogo ya betri mbili, anaitundika kwenye msumari jikoni, na kila siku jioni lazima asikilize matangazo ya vifo. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Anakaa kwenye kibao cha mbuzi, mkono shavuni, anasikiliza majina ya watu wa Singida asiowajua, na kila mmoja anamwitikia, “Mungu amrehemu.”

Wiki ya pili betri zangu zikaanza kuchoka. Game Boy ina kitaa chekundu pembeni ya kioo ambacho hufifia taratibu, kama mtu anayesinzia. Nilikuwa nimebakiza ala mbili. Fedha nilizokuwa nazo zilitosha betri mbili, na mashine inataka nne. Basi mchana mmoja, Bibi yuko shambani, nikashusha redio msumarini, nikatoa betri zake nikatia mbili za kwangu zilizochoka.

Jioni redio ikanong’ona kidogo, ikakata.

“Mume wangu,” Bibi akaniita, maana ndivyo anavyonitania mpaka leo, “hebu nitazamie hii redio. Betri zimekwisha?”

“Zimekwisha, Bibi.”

“Hata mwezi hazijafika! Basi kesho nitazianika, huenda zikapata nguvu.”

Akazianika kweli. Siku nne, asubuhi anazitoa pamoja na mihogo, anazilaza juu ya ungo, jioni anazirudisha redioni, anazungusha kitufe, kimya. Mie niko nyuma ya jiko chini ya mchungwa, nimeshusha sauti ya gemu mpaka mwisho, naendelea na safari.

Katika siku hizo nne ndipo nilipofanya na ule wizi wa pili. Pale kijijini kisiwani kuna duka, na dukani kuna upinde unaouzwa 980, wakati mfuko wako haubebi zaidi ya 999. Lakini ukiuchukua mkononi, ukamzunguka mwenye duka akageukia upande wa pili, unaweza kuchomoka nao. Nikachomoka. Mashine ikaniuliza kama najivunia nilichofanya. Nikacheka. Nikakutana na mtu wa kwanza, akaniita THIEF. Mwizi. Nikaenda kwa wa pili, vilevile. Nikaenda kwa Marin, Marin ambaye ningeweza kumwandikia barua, naye akaniita mwizi. Nikazima, nikawasha. Pale palipoandikwa SUDI paliandikwa THIEF. Hakuna duka la kurudisha upinde. Nikirudi mwenye duka ananiua kwa radi. Jina lile halifutiki mpaka ufute safari nzima uanze upya, nami nilibakiza ala moja.

Siku ya tano alikuja kijana mmoja na baiskeli, ametokea Pangani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja kuuliza kuna nini, mbona Bibi hakuonekana. Shoga yake wa utotoni, waliochezwa unyago pamoja, alikuwa amefariki, amezikwa, hata matanga yamekwisha anuliwa.

“Lakini tulilipia tangazo, Bibi,” yule kijana akasema. “Ulitajwa kwa jina. Jina lako na la baba yako. Lilisomwa jioni mbili.”

Bibi hakulia pale. Alikwenda uani, akaokota betri kwenye ungo, akazitazama, akazifunga kwenye pembe ya khanga. Akauliza kama mgeni amekula. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na tofali langu mfukoni, lenye betri mbili za moto.

Sikusema. Ndugu msomaji, nitakuwa mwongo nikijipamba hapa. Sikusema siku ile, wala mwaka ule, wala nilipomaliza kidato cha nne. Na gemu sikulimaliza. Lilibaki na ala saba, jina THIEF.

Mwaka jana nikiwa na mswada wa riwaya yangu, ule ambao wachapaji wawili wameshanirudishia, nilikwenda Muheza. Macho ya Bibi hayaoni tena maandishi, akaniomba nimsomee. Nikachagua sura ya tisa. Ndani yake mna kikongwe anayeanika betri juani, na mtoto aliyeziiba anamtazama. Mtoto nilikuwa nimempa jina la Hamisi. Nilisoma mpaka mwisho, nikajisikia mwandishi kwelikweli.

Bibi akanyamaza kidogo.

“Imeandikwa vizuri,” akasema. “Ila Hamisi mwaka ule hakuja. Alikuwa na surua, alibaki kwa mama yake.”

Nikahisi jasho mgongoni. Nikasema hiyo ni riwaya tu, Bibi, Hamisi wa kitabuni si Hamisi wetu.

“Betri zangu zilikuwa nyekundu,” akaendelea, kama hajanisikia. “Siku zote nanunua nyekundu. Nilizozianika zilikuwa za buluu. We ulidhani mie sina macho?”

“Sasa kwa nini hukusema?”

“Mlikuwa sita humu ndani. Watoto wakishampa mwenzao jina hawaachi.”

Nilikaa na ule mswada mapajani. Sura ya tisa nimeiandika upya mara tatu tangu siku hiyo, na Hamisi nimemtoa. Nikamwomba radhi Bibi kwa maneno ambayo nisingependa kuyachapa. Akasema yaleyale anayosema kwa watu wa Singida, akimtaja shoga yake. Halafu akanyoosha mkono, akapapasa mkoba wangu.

“Na kile kidude chako bado unacho?”

“Ninacho, Bibi. Nimekuja nacho.”

“Kina betri?”

“Zimo nne.”

“Lete mbili,” akasema. “Saa ya matangazo inakaribia.”