MOMBO: UKISHUKA KULA CHIPSI, ANGALIA UNAPOKANYAGA

Wewe msomaji uliyewahi kupanda basi la Moshi au Arusha, Mombo unaijua, usibishe. Konda anapiga kelele, "Dakika kumi tu, chakula na kuchimba dawa!" Mnashuka mbio. Huyu anawahi chipsi kuku, yule anawahi choo, mwingine kashikwa shati anabembelezwa anunue plamsi na karoti zilizoshuka Lushoto asubuhi. Kabla hujamaliza paja, honi imeshalia. Mombo yako imeishia hapo.

Mimi mwenyewe nimeipita hivyo tangu niko shule. Safari hii basi liliondoka, nikabaki.

Si kwamba niliachwa, jamani. Baba alinituma.

Baba yangu ni Mzigua wa Handeni. Bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alizaliwa mwaka 1916 baba mzazi akiwa hayupo. Alikuwa kachukuliwa Mombo kusukuma toroli za Mjerumani. Hakurudi. Kaburi hakuna, barua hakuna, picha ndiyo usiulize. "Ukipita Mombo shuka," baba aliniambia. "Ukaone alikopita yule mzee. Mimi nilikuwa nasema kesho, kesho, na sasa miguu ndiyo hii."

Ukimwona mzee wako anaiangalia miguu yake namna ile, huwezi kusema uko bize.

Sasa toroli gani hizo? Tulia nikupe. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikafika Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Mjerumani alijikuta na reli mbili zisizoonana, hii ya Tanga na ile ya Kati itokayo Dar kwenda Kigoma. (Zilikuja kuunganishwa mwaka 1963, tukiwa tumeshajitawala.) Shehena ya kaskazini ingefikaje kusini? Wakatandika kijireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni. Kichwa cha treni hakikuwapo. Vitoroli vilisukumwa na watu, kwa mikono na mabega, ndani ya nyika ile kavu.

Juni 1916 majeshi ya Mwingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yaliteremka na bonde la mto Pangani kutoka upande wa Kilimanjaro. Tarehe 9 Mombo ikachukuliwa, na kabla mwezi haujaisha Handeni nayo ikaenda. Von Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuelekea kusini huku watu wake wakivunja madaraja ya reli ili adui asipate njia. Mpagazi yeye alibeba tu. Akikamatwa na upande wa pili, anabeba mzigo mwingine. Kwake yeye vita ilikuwa kubadilisha mwenye mzigo.

Nikaenda kwenye reli. Jua la Mombo si la mchezo, milima ya Usambara inakutazama pale juu imejifunika mawingu baridi, wewe huku chini unachemka. Chini ya mwembe nikamkuta mzee mmoja na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Basi limekuacha?"

Nikamweleza. Hakusema kitu. Akainuka, akanipeleka taratibu mpaka kwenye kidaraja cha mawe chini ya tuta, kijito chenyewe hakina hata maji ya kulowesha ndala. Mawe yamechongwa yakakaa sawasawa, moja juu ya jingine, kama meno ya kijana.

"Haya ya Mjerumani," akasema.

"Si walivunja madaraja, babu?"

"Makubwa. Haka kadogo nani angehangaika nako?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mjerumani hakubeba jiwe hata moja hapa, mjukuu wangu. Waliobeba ni hao unaowatafuta."

Nilitafuta kibao, jiwe la kumbukumbu, hata msalaba uliopinda. Pale tulipokaa palikuwa na mbuzi watatu na chupa za maji zilizotupwa kutoka madirishani mwa mabasi. Yangu ya zamani labda ilikuwemo.

Nikampigia baba simu. Nikamwambia, "Nipo hapa." Akauliza, "Pakoje?" Nikamwelezea mawe, kijito, milima. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Haya. Nimeona."

Niliporudi Dar nikashuka Posta, pale Sanamu ya Askari. Mara ngapi nimepanga miadi na washikaji, "tukutane Askari", na nikikaribia sura yangu iko kwenye simu tu? Safari hii nikasimama nikasoma. Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Hayawakumbuki askari peke yao, wapagazi nao wametajwa. Jina la mtu hata mmoja hakuna. Na wanahistoria wanakadiria kwamba kwa upande wa Mwingereza pekee wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi wao wakimalizwa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Walipewa unga mbovu wakaupika nusunusu, matumbo yakawamaliza njiani.

Unadhani haikuhusu? Jumamosi unaenda wapi kununua jinzi? Kariakoo. Jina lile limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, waliopiga kambi pale baada ya Dar kutekwa Septemba 1916. Wenzetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao. Tunawataja wapagazi kila siku, tukibishana bei ya viatu.

Yule mzee wetu jina lake tunalo, bibi alihakikisha. Ndilo jina la kaka yangu mkubwa, na mimi nikipata mtoto wa kiume nimeshamwambia mchumba wangu asihangaike kutafuta majina kwenye tamthilia.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipita Mombo, kula chipsi zako, hakuna anayekukataza. Lakini ukibakiwa na dakika mbili sogea kwenye reli uitazame. Ukiwa na nafasi zaidi, treni ya abiria ya Dar na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20, nayo hupita njia ile ile. Na chupa yako ya maji, tafadhali, usiitupe dirishani. Chini pale kuna mzee wa mtu.