Je, Mama Amesahau? Ruth Cracknell na Kazi ya Mwigizaji

Nilifika Sydney mapema mwaka wa 1994 kwa masomo ya uzamili, majuma machache tu kabla ya mfululizo wa vichekesho vya televisheni uitwao Mother and Son kufikia tamati yake. Mfululizo huo ulikuwa umeanza kurushwa na ABC, shirika la utangazaji la taifa la Australia, mnamo Januari 1984, na hadi ulipokoma Machi 1994 sehemu zake zilikuwa zimefika 42. Katika bweni letu watu waliacha chakula kikapoa ili kuutazama. Nami niliutazama, kalamu mkononi, na muhula huo huo nikaandika insha ya semina iliyodai kwamba kazi hiyo ilikuwa dhihaka tupu dhidi ya wazee, na kwamba jamii inayoweza kumcheka bikizee aliyepoteza kumbukumbu imekwisha kupoteza kitu kikubwa zaidi. Niliyaandika hayo kwa ule ujasiri wa kijana aliyetoka mbali na kugundua kuwa wenyeji wake wako tayari kukubali lolote atakalosema kuhusu heshima wanayopewa wazee barani Afrika. Insha ilipata alama nzuri. Nimeishi nayo miaka mingi, na katika kurasa hizi nakusudia kueleza ilipopotoka. Kosa lenyewe lilikuwa la kihakiki kabla ya kuwa la kitabia, na kwa sababu hiyo huenda likawafaa wenzangu wanaofundisha tamthilia.

Kisa cha mfululizo huo, uliotungwa na Geoffrey Atherden, ni chepesi kusimulia. Maggie Beare ni mjane ambaye akili yake imeanza kumponyoka. Mwanawe mdogo, Arthur, ameachana na mkewe na kurejea kuishi na mama. Yeye ndiye apikaye, atafutaye miwani iliyopotea, na kupokea lawama. Mwana mkubwa, Robert, ni daktari wa meno mwenye nyumba nzuri na mke, Liz, asiyetaka kusikia habari ya kumchukua mama mkwe. Mama anampenda nani? Anampenda Robert. Kila Arthur anapokaribia kujipatia maisha yake mwenyewe, hasa anapopata mwanamke wa kumpenda, mama husahau jambo fulani, na usahaulifu huo huyavuruga mambo kwa usahihi wa kushangaza.

Hapo ndipo penye fundo. Je, Maggie amesahau, au anajifanya kusahau? Nilipoandika insha yangu nililipita swali hili kama msafiri alipitavyo jiwe la njiani. Nilikuwa nimenukuu maneno ya wahusika kwa bidii. Sikunukuu uso hata mmoja. Maneno ya Maggie yakisomwa peke yake ni maneno ya mgonjwa, na mtu anayemcheka mgonjwa ni katili. Hoja yangu ilijengwa juu ya msingi huo, nayo ingesimama lau kama Maggie angekuwa maneno tu. Lakini Maggie alikuwa pia Ruth Cracknell.

Cracknell alizaliwa Maitland, katika jimbo la New South Wales, tarehe 6 Julai 1925, akakulia Sydney. Alianza kuigiza katika redio miaka ya 1940, enzi ambapo mchezo wa redio ulikuwa burudani kuu nyumbani na televisheni haikuwa imefika Australia. Ilifika mwaka wa 1956. Naamini redio ndiyo iliyomfunza jambo ambalo watazamaji wa baadaye walilisikia bila kulitambua: namna ya kuifanya sauti ibebe maana mbili kwa wakati mmoja. Mwigizaji wa redio hana nyusi wala mabega. Ana pumzi na kituo. Baada ya hapo alifanya kazi katika maonyesho ya michezo mifupi ya kejeli na nyimbo, hasa kwenye ukumbi wa Phillip Street mjini Sydney, ambamo mwigizaji alipaswa kumjenga mtu mzima kwa dakika tatu, akatoka, akabadilisha kofia, akarudi akiwa mtu mwingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mifupa ya uso iliyojichora waziwazi. Umbo kama hilo halimpi mwanamke nafasi za wapenzi warembo jukwaani. Lilimpa wanawake wa namna nyingine, na sidhani kuwa jukwaa la Australia lilipata hasara.

Kabla ya Maggie, kuna nafasi moja ambayo msomaji wa Kiafrika hana budi kuitazama. Katika filamu ya Fred Schepisi, The Chant of Jimmie Blacksmith (1978), iliyotokana na riwaya ya Thomas Keneally ya mwaka wa 1972, Cracknell aliigiza Bi. Newby, mke wa mlowezi anayemnyima kijana Jimmie, mwana wa mama wa wenyeji asilia na baba mzungu, ujira na chakula chake. Jimmie hatimaye anashika shoka, na Bi. Newby ni miongoni mwa wanaouawa. Si nafasi kubwa. Nilipoitazama miaka mingi baada ya Sydney, kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nikimwona Maggie. Nyuma ya ile heshima ya mama mwenye nyumba ulikuwepo uhakika ule ule: kwamba nyumba ni yake, chakula ni chake, na anayeketi mezani huketi kwa idhini yake. Katika filamu uhakika huo unazaa mauaji. Katika vichekesho unazaa kicheko. Mwigizaji ni yule yule, na chombo anachokitumia ni kile kile.

Mwaka wa 1988 alicheza Lady Bracknell katika The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde, mchezo ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka wa 1895. Maonyesho hayo yalikuwa ya kundi la Melbourne Theatre Company, yakiongozwa na Simon Phillips, na Geoffrey Rush alikuwa Jack. (Majina Bracknell na Cracknell yanatofautiana kwa herufi moja, jambo ambalo mwanafunzi wangu mmoja alilichukua kuwa kosa la chapa.) Kila mwigizaji wa nafasi hiyo hukabiliwa na kivuli cha Edith Evans, ambaye katika filamu ya mwaka wa 1952 aliyatamka maneno ya mshangao kuhusu mkoba kwa namna ambayo ulimwengu mzima wa Kiingereza uliikariri. Waandishi wa michezo huandika maneno. Waigizaji nao hurithishana namna ya kuyatamka, na urithi huu wa pili haumo kitabuni. Lady Bracknell ana mamlaka kwa sababu ana cheo, mali na kumbukumbu kamili ya nasaba za watu. Maggie hana cheo, hana mali ya kutaja, na kumbukumbu imemkimbia. Hata hivyo Arthur humwogopa kama vile vijana wa Wilde wanavyomwogopa Lady Bracknell.

Hili ndilo nililoshindwa kuliona mwaka wa 1994. Cracknell hakuigiza usahaulifu. Aliigiza mamlaka ambayo yamepoteza kumbukumbu na sasa yanatafuta njia nyingine ya kutawala. Mama aliyezoea kuamuru kwa sababu anajua kila kitu, sasa anaamuru kwa sababu hakuna ajuaye anachojua. Ukimtazama Maggie anapoulizwa jambo asilotaka kulijibu, utaona macho yakiwa matupu kwa muda unaozidi kidogo ule wa mgonjwa wa kweli, kisha jambo fulani linapita usoni na kutoweka, wala huwezi kuapa kuwa uliliona. Wakati mwingine macho yale yana hofu tupu, hofu ya mtu asiyejua yuko wapi, na kicheko kinakatika kooni. Mwigizaji wa hali ya kati angechagua: ama mjanja, ama mgonjwa. Cracknell alikataa kuchagua kwa miaka kumi. Tukumbuke pia kwamba alipoianza kazi hiyo alikuwa na umri wa miaka 58 tu, na kwamba Garry McDonald, aliyekuwa Arthur, alizaliwa mwaka wa 1948, miaka 23 tu baada yake. Uzee wa Maggie ulikuwa kazi ya mikono.

Ushahidi mwingine umekuja baadaye. Mwaka wa 1997 BBC ilianza kuonyesha Keeping Mum, iliyotokana na mfululizo huo, Stephanie Cole akiwa mama. Mwaka wa 2014 Atherden aliupeleka mchezo jukwaani, Noeline Brown akiwa Maggie. Na mwaka wa 2023 ABC ilitoa toleo jipya lenye Denise Scott na Matt Okine. Hao wote ni waigizaji wenye uzoefu, na sina nia ya kuwashindanisha. Nauliza tu: ikiwa mhusika ni mali ya mwandishi, na maneno yapo, mbona kila anayeichukua nafasi hiyo hupimwa kwanza kwa marehemu ndipo apimwe kwa mwandishi aliye hai?

Katika idara zetu swali hili halijapata kikao. Tumefundisha tamthilia ya Kiswahili kama riwaya iliyokatwakatwa: maudhui, wahusika, fani, basi. Ni wangapi kati yetu tuliofundisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) tukasimama kuuliza sauti ya Kinjeketile aliyepagawa inatofautianaje na sauti yake ya kawaida, na kwamba mwigizaji akiitamka hivi Hongo yupo, akiitamka vile Hongo hayupo? Imani na mashaka ya mchezo mzima yamo katika koo la mtu mmoja. Na tuliokulia mbele ya Vitimbi tulimpenda Mzee Ojwang' miaka na miaka, ilhali wengi wetu tulilijua jina la Benson Wanjau siku tuliposoma tanzia yake mwaka wa 2015.

Sikuyafikia haya maktabani. Marehemu baba alituachia mama mwenye nguvu, mfanyabiashara wa mahindi ambaye aliweka hesabu zake zote kichwani na hakuwahi kudanganywa hata shilingi. Hesabu hizo zilipoanza kupotea, mimi kitinda mimba, niliyekuwa nimeachana na mke, ndiye niliyekuwa karibu. Kifungua mimba wetu yuko Marekani. Hutuma fedha, na hupiga simu Jumapili. Kwa mama, yeye ndiye mwana. Mimi huitwa kwa jina la mjomba aliyefariki, au huitwa "kijana", kama mtu aliyekuja kupakua magunia.

Jioni moja nilimwambia kwamba ningesafiri kwa siku nne kuhudhuria kongamano, na kwamba binamu yetu angekuja kulala naye. Alinitazama kwa utulivu. Asubuhi yake kitambulisho changu na tiketi havikuonekana. Tulivitafuta hadi saa tano. Mama alitafuta pamoja nasi, akiinua mito, akinilaumu kwa uzembe, akilia kidogo. Tulivipata siku ya tatu katika debe la unga, vikiwa vimefungwa vizuri ndani ya leso yake. Nilipomwonyesha alisema, "Sasa nani aliweka huku?" Na usoni mwake jambo fulani likapita.

Usiku ule sikulala. Nilitaka nijue kama nimkasirikie au nimhurumie, kwani mtu hawezi kuyafanya yote mawili kwa pamoja bila kuchanika. Ndipo nikamkumbuka Cracknell, baada ya miaka mingi, nikaanza kutafuta sehemu za zamani na kuzitazama kwenye kompyuta usiku, mama akiwa amelala. Sasa nilicheka. Nilicheka hadi machozi, nami sikuwa nikimcheka Maggie. Nilikuwa nikimcheka Arthur, anayedhani kuwa akijua ukweli wa moyo wa mama atapata kupumzika.

Cracknell mwenyewe aliyaandika maisha yake katika A Biased Memoir (1997), na mwaka wa 2000 akatoa Journey from Venice, kitabu kuhusu mumewe, Eric Phillips, aliyeugua ghafla wakiwa Venice mwaka wa 1998, akarejeshwa Sydney na kufariki. Aliyewachekesha watu kwa kuigiza mtu anayehudumiwa aliandika pia akiwa mtu anayehudumu, kwa nathari iliyo tulivu isiyoomba huruma. Mwaka wa 2001 aliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Logie. Alifariki Sydney tarehe 13 Mei 2002. Huko Australia nilisikia watu wakimtaja kwa jina la Maggie, kama jirani aliyehama.

Siku moja mama aliamka usiku, akanikuta mbele ya kompyuta, akavuta kiti. Kiingereza chake ni cha sokoni. Tulitazama sehemu nzima bila ya mimi kumfasiria neno. Maggie aliulizwa jambo na Arthur, akaduwaa, akasema hajui.

"Huyo anajua," alisema mama.

Nikamuuliza amejuaje. Hakunijibu. Aliendelea kutazama, mikono mapajani, mpaka majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Kisha akanigeukia kwa adabu, kama mgeni amgeukiavyo mwenyeji, akaniuliza kaka yangu atafika lini.