Kamera ya Plastiki

Mwaka 2004 mjomba alinipa kamera ya plastiki. Ilikuwa ya bei ndogo, tena nyepesi. Ndani yake nilitia mkanda wa picha 36. Zikiisha, basi.

Kwa hiyo sikupiga ovyo. Nilitazama kwanza, kisha nikachagua. Picha ya kwanza nilimpiga bibi kivukoni, karibu na Ifakara. Alikuwa akingoja pantoni avuke mto Kilombero, na kapu la mchele kichwani. Nilibonyeza. Bibi akauliza, "Picha iko wapi?"

Nikamjibu, "Imo ndani, bibi. Tungoje isafishwe."

Kungoja kulikuwa na utamu wake. Kila jioni bibi aliulizia picha yake.

Siku moja mdogo wangu alifungua kifuniko cha kamera. Mwanga ukaingia. Mkanda ukiona mwanga, huungua. Picha nyingi ziliharibika. Lakini ya bibi ilikuwa ya mwanzo, imeviringishwa ndani kabisa. Ikapona, ila ina doa jekundu pembeni. Bibi alipoiona alicheka sana.

Bibi alifariki mwaka 2006. Picha yake nyingine hatuna. Siku hizi watu huvuka mto ule kwa daraja. Wanangu hawakumwona bibi, wala hawakuona pantoni ile. Wanaviona katika picha.

Nyuma yake nimeandika jina la bibi, mahali na mwaka. Je, ndugu msomaji, picha zako umeziandika? Sasa unajua kuandika. Chukua kalamu. Picha isiyo na jina, kesho ni ya mgeni.